Siku Nilipoishika Kamba ya Mbuzi

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha kusikiliza. Ni ufunguo mdogo, umepinda kidogo, na ninyi mnaobaki mtajifunza kwamba lazima uuinue kabla ya kuuzungusha. Usipofanya hivyo mlango hautafunguka, na mama aliyesimama nyuma yako ataanza kufikiri kwamba hata nyumba hii haimtaki. Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi. Mmoja wenu alinikumbusha nisisahau safari ya Kinshasa na ile kofia niliyopewa na waheshimiwa. Kofia hiyo sasa anaivaa jirani yangu anapopalilia maharagi, na inamfaa. Mimi nitawaandikia kuhusu kigoda, sabuni, chai na mbuzi wanne.

Lazima nianze kabla ya kazi, maana bila hayo kazi yenyewe haieleweki. Nilizaliwa Mbau, kando ya barabara ya Oicha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, katika vita vile ambavyo waasi walikuwa wakipigana na waasi wenzao na sisi wakulima hatukujua tena tumkimbie nani, watu wenye bunduki waliponikamata katika shamba letu la mihogo. Nilikaa nao msituni zaidi ya miaka miwili. Nilibeba maji, unga na risasi, na nilimtumikia mwanamume mmoja ambaye sikumchagua. Walituita mabibi, yaani wake zao. Bibi hutoka kwa baba yake kwa nyimbo, akisindikizwa na shangazi zake. Mimi nilitoka shambani jembe likiwa bado mkononi. Nilikuwa mtumwa. Watu wa mikutano hawalipendi neno hilo, wana mengine marefu zaidi, lakini hili ni langu na nitaendelea kulitumia.

Niliondoka mchana kweupe. Walikuwa wametutuma kupeleka mihogo sokoni, askari mmoja nyuma yetu, na barabarani wakapita watu wa msiba wamebeba jeneza. Askari alisimama kununua sigara. Nikaweka mzigo chini, nikajifunika kitambaa changu cha kikwembe kichwani, nikaingia katikati ya waombolezaji, nikaanza kulia. Hakuna mtu aliyesimamisha jeneza, hata miaka ile. Mama mmoja akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Uko ndugu ya marehemu?"

"Hapana, mama. Niko nakimbia."

"Basi lia na nguvu," akasema.

Nikalia hadi makaburini, na machozi hayakuwa ya kuigiza. Jina la yule marehemu sijalijua hadi leo. Kila siku ya marehemu wote ninamwashia mshumaa na kumwambia Mungu atafute mwenyewe ni nani.

Siku ya tatu nilifika Butembo juu ya magunia katika lori la mfanyabiashara mmoja, baridi ikinitetemesha meno. Wanawake wa sokoni walinielekeza nyumba ya Mama Léontine, aliyekuwa akiwapokea wanawake waliotoroka msituni. Alikuwa mkunga wa zamani, Mprotestanti, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaamuru wanawake wasukume. Alikuwa na vyumba vitatu vya mbao na viti visivyotosha. Hakuniuliza kitu. Alinipa sabuni nzima ambayo haijatumiwa na mtu, beseni la maji ya moto, na baadaye chai yenye sukari nyingi mno. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetoka ofisi fulani na karatasi zake, akataka kujaza habari zangu. Akauliza, "Huyu iko bibi ya nani?" Mama Léontine akamnyang'anya kalamu.

"Hapana bibi ya mutu. Iko na jina. Ngojea anywe chai, ndipo atakuambia, akitaka."

Sikutaka, na bwana yule akaenda zake na karatasi tupu. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza katika nyumba hii.

Kwa miezi mitatu nilifagia tu. Halafu akaletwa msichana mmoja aliyekaa siku tano bila kusema neno, na siku ya sita akaanza kuniambia mambo yake huku nikifagia chini ya miguu yake. Sikuacha kufagia. Nilifagia pale pale hadi sakafu ikachimbika. Mama Léontine alikuwa mlangoni, na kesho yake akanipa kigoda. Ndivyo nilivyoajiriwa, na vyeti vyangu vyote vilikuwa fagio.

Mambo aliyonifundisha mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu nimewaona mkianza kuyaacha. Vigoda viwili viwekwe ubavu kwa ubavu, vikitazama dirisha, visitazamane. Mlango hufungwa na yule anayesema, akitaka, siyo na wewe. Daftari likae kapuni hadi aondoke. Usimuulize nani alimfanyia nini. Muulize kama amekula. Na yeyote anayekuja hupewa chai kwanza, kabla hajasema shida yake, kwa maana ukimpa baada ya kusema ataona umemlipa kwa mateso yake. Birika liwe tayari tangu asubuhi. Nililishika hilo la birika kuliko yote, na ndilo nililokuja kulivunja.

Nilikuwa na mwaka mmoja kwenye kigoda alipokuja mzee mmoja kutoka Eringeti. Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, viatu vyake viwili havifanani. Mama Léontine alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Jina yangu Paluku," akasema. "Mutoto yangu Kavira, balimukamata kwa shamba, mwaka moja sasa. Iko kwa komanda moja, kwa dépôt ya zamani ya kahawa, karibu na kwetu. Amezaa kule. Mutoto mwanaume, miezi tatu."

Nikamuuliza kwa nini amekuja sasa.

"Banahama. Jumamosi banaenda Ituri. Akivuka kule sitamuona tena, ye na mutoto."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Birika lilikuwa kwenye jiko la makaa na nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kikombe. Ndipo akaongeza, macho yake kwenye kofia, "Mama, niseme yote. Komanda alituma mbuzi ine kwangu. Nilibapokea."

Nikarudisha kikombe mahali pake.

Ninyi mnajua maana ya mbuzi kwetu, lakini nitaieleza kwa atakayesoma kutoka mbali. Mwanaume akikabidhi mbuzi kwa wazazi wa binti nao wakala, binti ni bibi yake na watoto ni wa ukoo wake. Wale wa msituni walikuwa vijana wa huku huku, waliijua mila vizuri kuliko katekista. Walikamata binti kwanza, halafu wakapeleka mbuzi kwa baba, bunduki mgongoni, ili kijiji kiseme ni ndoa. Baba yangu aliletewa mbuzi pia. Mwanaume yule alinisimulia mwenyewe, akicheka: "Papa yako alikula mbuzi yangu, akashiba." Ndiyo maana nilipotoroka nilipita Mbau bila kuteremka. Kwa hiyo Papa Paluku aliposema amepokea, sikumwona yeye. Nilimwona baba yangu akilamba vidole. Alikuwa ametembea na kudandia malori siku mbili, midomo imemkauka, na mimi sikumpa chai. Nilimpa maji, tena kwa kikombe cha bati.

Nilikwenda kumweleza Mama Léontine. Alijikokota akakaa, blanketi mabegani.

"Utaenda wewe," akasema. "Mimi nikisimama ninaanguka. Sikia muzuri. Mbuzi zirudi, lakini hapana kwa kamba. Mukizipeleka na kamba mukononi, mumerudisha mbuzi ya ndoa, donc mumekubali ilikuwa ndoa, na mutoto ni wake. Muzifukuze na fimbo tu, sawa ile unafukuza mbuzi ya jirani imeingia kwa shamba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na huyu papa umemupa chai?"

Nikamwambia ndiyo. Huo ni uongo wa kwanza niliomwambia, na alikuwa na homa, hakunitazama usoni.

Alhamisi tulipanda lori hadi Beni, tukalala kwa dada yake Mama Léontine katika mtaa wa Ruwenzori. Ijumaa alfajiri tukachukua baiskeli za kukodi. Njia nzima sikumsemesha Papa Paluku. Tulipofika Mbau nilijifunika kikwembe hadi puani. Nyumba yetu ilikuwa pale, mlango wazi, nguo zimeanikwa. Nilimwambia mwendesha baiskeli akanyage kwa nguvu.

Pale kwa Papa Paluku, Eringeti, nilikuta watoto wadogo watatu na mjomba wa Kavira, mzee Kasereka, ndugu wa marehemu mama yake. Watoto walikuwa wakila sombe, majani ya mihogo, bila mafuta wala chumvi. Matumbo yao yalikuwa makubwa na nywele zimegeuka rangi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mbuzi wanne wanene, manyoya yanang'aa, na majani mabichi mbele yao. Nikasema moyoni: angalia anavyowanenepesha mbuzi wa mkwe wake. Niliyaona yote mawili kwa macho haya, watoto na mbuzi, nikaelewa kinyume kabisa.

Tuliondoka saa nne, Papa Paluku, mzee Kasereka na mimi, kila mmoja na fimbo. Ulikuwa mwendo wa saa moja. Mbuzi walikwenda vizuri hadi kwenye barière, kamba tu iliyovutwa kukata barabara na vijana sita wa yule yule komanda. Mmoja wao alitaka kutuchekesha au kuwachekesha wenzake, akapiga risasi hewani. Mbuzi wakatawanyika. Tuliwakimbiza majanini, na mimi nikaanguka mara mbili. Tulipowapata, yule kijana akatutupia kamba.

"Mubafunge. Bakikimbia tena, tutakula moja."

Nilimwogopa. Nilifikiri juu ya mbuzi kupungua, juu ya Jumamosi, juu ya bunduki iliyokuwa bado na harufu. Nikaiokota kamba nikawafunga wote wanne. Mzee Kasereka akanigusa kiwiko.

"Mama, ile kamba..."

"Twende, papa," nikamjibu. Tuseme ukweli, maneno ya Mama Léontine yalikuwa yametoka kabisa kichwani mwangu. Mtu mwenye hofu hukumbuka kitu kimoja tu, na mimi nilikumbuka kufika.

Komanda alikuwa amekaa mbele ya ile dépôt, ghala la kahawa, kwenye kiti cha shule. Alikuwa kijana, pengine miaka ishirini na mitano, shati safi. Watu wake walikuwa wakifunga mizigo. Kavira alisimama karibu na masufuria, mtoto mgongoni. Alimwona baba yake na hakusogea hata hatua moja. Nilikujua kule kusimama, nimewahi kusimama hivyo hivyo. Komanda hakututazama sisi. Alitazama kamba, halafu mkono wangu, halafu akatabasamu.

"Bazee," akasema, "munaheshimu mila. Nimefurahi. Mumeniletea mbuzi yangu kwa kamba. Donc ilikuwa ndoa, na leo ndoa imekufa. Sawa. Bibi aende kwa papa yake." Akanyoosha mkono kuelekea kwa Kavira. "Mais mutoto ni wa ukoo yangu. Mutoto anabaki."

Kavira akashika mafundo ya kikwembe kilichombeba mtoto, mikono yote miwili. Wazee wangu wakainamisha vichwa. Hawakuwa waoga kuliko mimi; ilikuwa mila inayowainamisha, na mila ilikuwa upande wa komanda kwa sababu ya mkono wangu. Askari mmoja alikwisha kuanza kutembea kumwendea Kavira. Niliitazama ile kamba. Nilitamani ardhi ipasuke. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna ncha yake, mnono, mtulivu, na nikamtazama wa pili, na wa tatu, na wa nne. Wote wanne. Ndipo nikaona nilichokuwa nimekifukuza kwa fimbo njia nzima.

"Komanda," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Mbuzi ya mujomba iko wapi?"

"Nini?"

"Kwetu hakuna ndoa kama mujomba hajakula. Moja inachinjwa siku ile ile, bantu ya pande mbili banakula pamoja. Ulituma ine. Hizi hapa ine. Nani alikula?"

Yule askari alisimama. Komanda akaacha kutabasamu. Mzee Kasereka akainua kichwa polepole.

"Mimi ndiye mujomba," akasema. "Sikukula hata mufupa. Hakuna mutu alikula kwetu. Mbuzi yako ilipotea, tumekurudishia. Kamba iko ya barière yako, uliza bantu yako."

"Wewe mama ni nani?" komanda akaniuliza.

Ningeweza kusema nimetumwa na nyumba fulani ya Butembo. Badala yake nikasema, "Nilikuwa mutumwa kwa kambi sawa hii. Najua bibi, najua mutumwa. Na bantu yako banajua pia."

Hapo sikuwa nimepanga kitu chochote. Nyuma ya komanda alikuwepo askari mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa akifunga gunia. Aliacha kufunga. Akasema kwa Kinande, lugha yetu, bila kumtazama yeyote, kwamba ni kweli, bila kuliwa hakuna ndoa. Wengine wawili wakaguna kumuunga mkono. Komanda alihitaji watu hao hao wamfuate Ituri kesho yake. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Bamuchukue na mutoto," akasema mwisho. "Mbuzi zinabaki. Mais mizigo yangu ni mingi. Huyu muzee atabeba."

Alimwonyesha Papa Paluku. Wala mzee hakubisha. Alivua koti lake, akaenda hadi kwa binti yake, akamfunika nalo mtoto mgongoni, akamshika Kavira shavu kidogo. Halafu akanijia mimi.

"Mama, enda nabo. Musigeuke nyuma."

Tulitembea. Kavira mbele, mzee Kasereka, mimi nyuma nikihesabu hatua na kuingoja risasi katikati ya mabega. Sikugeuka. Haikuja. Tulipopita kona, Kavira alikaa chini barabarani, akamshusha mtoto, akamtazama vidole kimoja kimoja kama aliyezaa wakati ule.

Ni hapo mzee Kasereka aliponiambia. Nilikuwa nimesema kitu, sijui nini, kwamba bahati mbuzi walikuwepo wote. Akanitazama kwa mshangao.

"Bahati? Mama, batoto balikuwa nalia na njaa mwaka muzima. Nilimuambia, chinja moja tu, Mungu atatusamehe. Akasema, siku nitakula hii nyama, nitakuwa nimeuzisha mutoto yangu. Alikuwa anatafutia majani mbuzi ya bantu balimukamatia mutoto, ili zisikufe, akabarudishie."

Nilikaa chini karibu na Kavira. Nililia pale kuliko siku ya jeneza.

Papa Paluku hakurudi. Baadhi ya wabeba mizigo walirudi baada ya wiki kadhaa, na mmoja alisema alimwona akivuka mto mmoja na gunia la unga kichwani, akiwa bado na nguvu. Hakuna aliyejua zaidi, na tuliuliza miaka mingi. Watoto wake watatu tuliwaleta Butembo pamoja na dada yao.

Mama Léontine alinigombeza kuhusu kamba hadi majirani wakasikia. Nilistahili. Nimewasimulia kosa hilo wengi wenu, mkacheka, nami nikacheka. Lakini kosa la chai sikumwambia yeye hadi alipofariki, wala ninyi. Kamba niliishika kwa hofu, na hofu husameheka. Kikombe nilikirudisha kwa akili zangu timamu, kwa mtu aliyekuwa amelala njaa mwaka mzima kwa ajili ya binti yake, kwa kuwa nilidhani nimemjua kabla hajamaliza kusema. Mzazi yeyote atakayeingia mlango huo akiwa na mbuzi moyoni, mpeni chai. Hata yule aliyekula. Baba yangu alikula kweli. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe miaka baadaye, akanijibu mara moja bila kujitetea, na nikakaa naye hadi mvua ilipokatika.

Kavira anauza vikwembe sokoni hapa Butembo na anagombana na wateja vizuri sana. Mtoto wake, kwa vile ni wa kwanza wa kiume, alipewa jina Paluku kama desturi yetu inavyotaka. Leo ni fundi mwashi, mrefu, ana mabega ya kubeba magunia. Siku yangu ya mwisho alikuja kunisaidia kuhamisha kabati. Kabla hajafika kizingitini nilikuwa nimeshamimina. Akapokea kikombe akiwa bado amesimama.

"Mama," akasema, "tangu niko mudogo, kila mara nikifika hapa unanipa chai mbele nikae. Bantu bengine banakaa kwanza. Ju ya nini?"

Nilimwambia anywe kabla haijapoa, nikaenda nyumbani, nikaanza kuandika haya. Naomba mmoja wenu ampelekee.